Kutengeneza Macho kwa Leza

Somo hili lilisomwa katika redio, na sasa limechapwa ili kila mmoja wenu alisome mwenyewe kwa mwendo wake. Soma polepole. Ukifika penye neno gumu, simama, litamke kwa sauti, halafu endelea.

Somo limetokana na swali. Nilikwenda kukagua darasa moja la kisomo, na wakati wa maswali mzee mmoja akainuka. Kitabu chake alikuwa amekishika mbali, mkono umenyooka kabisa. Akasema, "Bwana Elimu, nimesikia ya kuwa mjini kuna mashine ya leza inayotengeneza macho kwa dakika chache. Mimi nina miaka 52, na herufi zimeanza kunikimbia. Nina ng'ombe wawili. Je, niwauze?"

Watu walicheka. Mzee hakucheka, nami sikucheka, kwa kuwa ng'ombe wawili si mchezo. Nilimwomba awaache zizini kwanza mpaka nitakapompa jibu kamili. Jibu lenyewe ni somo hili.

Yatupasa kujua kwanza jinsi jicho linavyoona. Mtazame mwenzako kwa ubavu, karibu na dirisha. Mbele ya ile sehemu nyeusi ya jicho lake utaona kitu kama kioo cha saa, kimebinuka kidogo, nacho ni angavu kama maji. Kitu hicho huitwa konea. Haina hata mshipa mmoja wa damu. Unene wake katikati ni kama nusu ya milimita tu. Nuru ikitoka nje hupita katika konea, nayo konea huipinda. Kisha hupita katika mboni, yaani kile kitundu cheusi cha katikati, hupindwa tena na lenzi iliyo nyuma ya mboni, halafu huangukia utando ulio nyuma kabisa ya jicho. Utando huo ndio unaopeleka habari kwenye ubongo. Katika kazi hii ya kupinda nuru, kama theluthi mbili hufanywa na konea. Kazi ya lenzi ni kurekebisha, ili uweze kutazama mlima na mara moja utazame kidole chako.

Sasa, macho ya watu hayakuumbwa sawasawa. Jicho la mtu mmoja ni refu mno, nuru ikakutana kabla ya kuufikia utando. Mtu huyo huona karibu lakini mbali haoni vizuri. La mwingine ni fupi mno. La mwingine konea yake haikubinuka sawa pande zote. Imepinda kama mgongo wa kijiko, na kila anachotazama kina ukungu. Miwani huwasaidia wote hawa, kwa kuipinda nuru kabla haijafika kwenye jicho.

Basi wataalamu wakajiuliza: kama konea ndiyo inayopinda nuru, kwa nini tusiichonge yenyewe ifanye kazi ya miwani? Hilo ndilo jambo lote la leza ya macho. Mashine hii haiongezi nguvu za jicho wala haiondoi ugonjwa. Huchonga umbo la miwani katika konea yako, basi.

Wazo hili lilikuwapo hata kabla ya leza. Huko Bogotá, katika nchi ya Colombia, daktari José Barraquer alikuwa akikata kipande chembamba cha konea, akakigandisha kwa baridi, akakikereza kwa mashine kama fundi akerezavyo mguu wa kiti, kisha akakirudisha mahali pake na kukishona. Hebu fikiri ushujaa wa wagonjwa wake! Mwaka 1960 Theodore Maiman, huko California, akawasha leza ya kwanza duniani. Leza ni nuru iliyokusanywa ikaenda pamoja kama askari wa gwaride, wala haitawanyiki kama nuru ya taa. Mwaka 1981 mwanasayansi mmoja mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM karibu na New York, alichukua mabaki ya bata mzinga wa sikukuu akayapeleka kazini. Akayapiga kwa leza ya namna ya pekee, ambayo nuru yake haionekani kwa macho. Mkato ukawa safi kabisa, na nyama ya kando haikuungua. Akashirikiana na daktari wa macho Stephen Trokel wakajaribu katika macho ya ng'ombe, na mwaka 1983 wakatangaza waliyoyaona. Serikali ya Marekani iliruhusu leza hiyo kutumika kwa kurekebisha macho ya watu mwaka 1995. Siku hizi hutumika katika nchi nyingi. Hapa Afrika Mashariki zipo hospitali za macho mjini Nairobi zinazoifanya kazi hii.

Kila pigo la leza hiyo huondoa tabaka jembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtu mwenye miwani ya wastani huondolewa unene ulio karibu na ule wa unywele mmoja tu. Unaona, basi, kwamba hapa hakuna nafasi ya kubahatisha.

Kwa hiyo kazi kubwa iko katika kupima. Daktari mwangalifu atataka uwe umetimiza miaka 18 au zaidi, na namba ya miwani yako iwe haikubadilika kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, kwa kuwa hakuna faida ya kuchonga jicho ambalo bado linabadilika. Mama mjamzito au anayenyonyesha huambiwa angoje. Mwenye kisukari kisichotulia, au ugonjwa wa mwili ambao huchelewesha vidonda kupona, hana budi kusema wazi. Kama unavaa lenzi za kubandika machoni, utaambiwa uziache kwa wiki moja au mbili, pengine zaidi, maana hukandamiza konea na kuigeuza umbo. Halafu utapimwa unene wa konea, upana wa mboni gizani, na wingi wa machozi. Utatiwa matone ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa hutaweza kusoma na jua litakuumiza, basi nenda na mtu wa kukurudisha, wala usiende kwa baiskeli. Mwisho mashine itachora ramani ya konea yako kwa rangi, kama ramani ya milima na mabonde katika atlasi.

Ramani hiyo naijua vizuri, na nitakueleza kwa nini.

Mimi nimevaa miwani tangu nilipokuwa darasa la sita, na ni miwani mizito. Miaka michache iliyopita nilikusanya fedha, nikaenda mahali ambapo sitapataja. Karani alinisomesha herufi za ukutani, akatazama miwani yangu, akaniuliza nitalipa kwa njia gani, akanipa tarehe. Nikarudi nyumbani nina furaha. Mke wangu hakufurahi. Aliniuliza, "Fundi cherehani hukupima mabega, kiuno na mikono kabla hajakata kitambaa. Hawa wamekupima nini?" Sikuwa na jibu. Kwa ajili ya swali lake nikaenda hospitali nyingine kabla ya tarehe ile.

Huko nilikaa karibu saa mbili. Mwishowe daktari akanionyesha ramani ya jicho langu la kushoto. Chini kidogo ya katikati palikuwa na doa jekundu. Akaniuliza, "Je, wewe husugua macho?" Nikacheka, kwa sababu tangu utoto, kila msimu wa vumbi, nimekuwa nikisugua macho kwa nguvu mpaka naona nyota. Akaniambia ya kwamba pale penye wekundu konea yangu ni nyembamba, nayo imeanza kuchomoza kama ncha ya pia ichezwayo na watoto. Ukiuchonga ukuta ambao umekwisha kuwa mwembamba, ukuta hubinuka. Akasema, "Kwako wewe, leza hapana."

Nilikasirika njia nzima katika basi. Baadaye nilipouliza zaidi, nikafahamu kisa chote. Konea ya namna yangu ikichongwa, huweza kuendelea kuchomoza mwaka hata mwaka, mpaka miwani yoyote isifae, na dawa ya mwisho ikawa kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki. Sasa napimwa mara kwa mara. Ikiwa jicho litazidi kuchomoza, kuna njia ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na kuimulika kwa nuru maalum. Nimeacha kusugua macho. Yakiwasha naweka kitambaa chenye maji baridi, au natia matone niliyoandikiwa kliniki. Nawe ukimwona mtoto wako anasugua macho kutwa, usimchape, mpeleke kliniki ya macho. Na haya yote nayaandika nikiwa na miwani yangu ileile puani.

Lakini wengi wakipimwa huonekana wanafaa. Tuseme wewe ni mmoja wao. Siku yenyewe itakuwaje?

Utakula kama kawaida, maana hulazwi usingizi. Usijipake wanja, mafuta ya uso wala manukato. Utalala chali chini ya mashine, utiwe matone ya ganzi, na baada ya muda mfupi jicho halitasikia maumivu. Watu wengi huogopa kwamba watafumba jicho katikati ya kazi. Usiogope jambo hilo. Kope zako zitashikwa na waya mdogo laini, hata ukitaka kufumba huwezi.

Katika njia itumikayo sana, jicho hushikwa kwanza kwa pete ndogo inayovuta. Utasikia mgandamizo, na kwa sekunde chache nuru itafifia au itakuwa giza. Si upofu, jambo hili hutokea kwa kila mtu, lakini asiyeambiwa mapema hushtuka sana. Kisha daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, akakifunua kama ukurasa wa kitabu, upande mmoja ukiwa bado umeshika. Hapo utaambiwa utazame taa ndogo bila kuondoa jicho. Leza itaanza: tak-tak-tak-tak. Huenda ukasikia harufu kama ya nywele zilizoungua; hiyo ni harufu ya chembe zinazovunjwa, jicho lako haliungui. Ukitikisika kidogo mashine hulifuata jicho, ukitikisika sana husimama yenyewe. Kwa kawaida kila jicho halichukui hata dakika moja ya leza. Kisha ukurasa hufunikwa tena, nao hushika bila kushonwa.

Njia nyingine haina kifuniko. Daktari huondoa ngozi nyembamba ya juu ya konea, leza ikachonga, halafu lenzi laini ikawekwa juu kama bandeji mpaka ngozi iote tena. Njia hii huuma kwa siku kadhaa, na macho hukawia kutulia, pengine majuma au miezi. Lakini kwa watu wa kazi fulani ndiyo bora. Kifuniko cha njia ya kwanza kinaweza kusogezwa na pigo kali hata baada ya miaka. Mcheza ngumi, askari, au mtu anayepasua kuni kila siku, na amweleze daktari kazi yake kabla ya kuchagua. Iko pia njia mpya zaidi, ambayo leza hukata kipande chembamba ndani ya konea na daktari akakitoa kupitia tundu dogo.

Ganzi ikiisha, jicho litawasha kama limeingiwa na mchanga, machozi yatatoka, na utaona kama kupitia moshi. Nenda ukalale. Kwa njia ya kifuniko, wengi huamka kesho yake wakaona saa ya ukutani bila miwani, na wapo wanaolia kwa furaha. Furaha hiyo isikusahaulishe kazi iliyobaki. Utatia matone uliyopewa kwa saa zake. Usiku utafunika macho kwa vikinga vya plastiki, usije ukayasugua usingizini. Hutaogelea mtoni wala ziwani kwa wiki mbili au zaidi, na vumbi la shambani utaliepuka mpaka daktari akuruhusu. Tena usitie jichoni dawa yoyote ya nyumbani: maji ya majani, asali, maziwa ya mama, hata kama bibi yako aliwaponya wengi kwa hayo. Jicho lililokatwa ni mlango ulio wazi kwa vijidudu.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likawa jekundu, likatoa usaha, au uoni ukarudi nyuma, rudi hospitali siku ileile. Usingoje siku uliyoandikiwa. Kwa hiyo anayetoka kijiji cha mbali na atafute ndugu wa kukaa naye mjini kwa siku kadhaa, na gharama za siku hizo azihesabu tangu mwanzo pamoja na nauli ya kurudi kuangaliwa. Nimeona wengi wakihesabu bei ya leza peke yake.

Kuna mambo mengine ambayo wenye kutangaza biashara huyataja kwa sauti ndogo. Macho huwa makavu kwa miezi, na kwa baadhi ya watu ukavu hukaa. Usiku taa zinaweza kuonekana zina duara au mishale kandokando. Dereva wa lori na alifikirie sana jambo hili. Wachache hubaki na hitilafu wakahitaji kuchongwa mara ya pili, na wengine baada ya miaka huvaa tena miwani midogo. Wengi huridhika, lakini konea iliyoondolewa hairudi.

Sasa nimrudie mzee wangu na ng'ombe zake.

Kumbuka nilisema kwamba nyuma ya mboni iko lenzi inayorekebisha jicho kati ya mbali na karibu. Utotoni lenzi hiyo ni laini. Kila mwaka hukakamaa kidogo, na mtu akifika miaka 40 na kitu, haiwezi tena kubinuka vya kutosha kusoma maandishi ya karibu. Ndipo mtu huanza kukisogeza kitabu mbali, mpaka mkono unakwisha urefu. Jambo hili humpata kila mtu, tajiri na maskini, mwenye macho mazuri na mwenye mabaya. Leza tuliyoizungumza huchonga konea ya mbele, nayo haiilainishi lenzi iliyo ndani. Wako madaktari wanaochonga jicho moja lione mbali na jingine lione karibu, na baadhi ya watu huzoea, lakini wengine huwasumbua. Hata mwenye miwani ya mbali akichongwa macho akiwa na miaka 45, huona mbali vizuri sana, kisha hushangaa kwamba kusoma gazeti sasa anahitaji miwani, na zamani alikuwa akiivua tu na kusoma.

Wala leza hii haiondoi mtoto wa jicho, wala presha ya jicho, wala makovu ya vikope. Zipo leza nyingine zinazotibu baadhi ya magonjwa ya macho, nazo ni mashine tofauti kwa kazi tofauti. Kwa hiyo usiende hospitali kuomba leza kwa jina. Waeleze unavyoona, nao wapime.

Mzee alikwenda kliniki ya macho. Walimpima presha ya jicho, wakamtazama ndani, wakamwambia macho yake ni mazima, ila ni ya umri wake. Wakampa miwani ya kusomea, kwa bei ambayo haikufikia ya jogoo mmoja. Usidhani msaada wa namna hiyo ni mdogo. Huko Assam, India, wachuma majani ya chai wenye miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu, na majani waliyochuma yakaongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano kuliko wenzao wasiopewa. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2018. Mzee yuko sasa katika kitabu cha pili, na ng'ombe wamekuwa watatu.

Kazi ya darasa ni hii. Mwalimu na atundike kalenda ukutani, na kila mwanafunzi asimame hatua sita kutoka hapo. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja, bila kuligandamiza, soma tarehe. Kisha ziba la kulia, soma tena. Watu wengi wameishi miaka na jicho moja bovu bila kujua, kwa sababu jingine liliwafanyia kazi yote. Baadaye shika kitabu hiki mbali na uso kwa dhiraa moja, yaani urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, usome mistari mitatu. Aliyeshindwa mahali popote, mwalimu aandike jina lake, apelekwe kliniki ya macho. Na yule ambaye jicho lake moja limefifia ghafla asingoje orodha, aende leo.

Juma lijalo tutasoma habari za mtoto wa jicho. Kwaherini.